Mtu wa Kamba na Mshipi wa Papa

Jumanne ya tarehe 14 Mei 2019, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kamba iliyokuwa mikononi mwa Nkwabi Mihayo ilikatika. Tarehe, saa na jina lake vimeandikwa kwa kalamu ya bluu katika daftari la duara namba saba, kwenye machimbo madogo kusini mwa Katoro, na daftari hilo bado lipo. Mstari unaofuata unasema: "Masudi, mguu wa kushoto, kapelekwa hospitali." Hakuna zaidi.

Daftari halikuandika kilichobaki juu. Katika duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, mtu wa kamba ndiye anayewashusha wenzake na kuwapandisha, na kabla hajamshusha yeyote hufunga ncha ya kamba kiunoni mwake, ili hata ikimponyoka mikononi isimfuate mtu shimoni. Siku hiyo kamba haikumponyoka Nkwabi. Ilikuwa imeliwa na ukingo wa gogo, uzi mmoja mmoja, upande ambao hakuuona. Masudi alianguka mita tano za mwisho. Nkwabi alibaki amesimama juu, kiunoni mwake zimefungwa mita nne za kamba ambazo hazikuwa na mtu.

Masudi hakufa. Kifundo cha mguu kiliungwa vibaya, na tangu hapo hakikunjiki. Alirudi machimboni baada ya miezi saba, akawa anachambua mawe juu, kwenye kivuli cha turubai, na hakuwahi kumtamkia Nkwabi neno la lawama. Wangewezaje kulaumiana? Masudi ni Mzaramo wa Kisiju, pwani ya Mkuranga. Nkwabi ni Msukuma, mzaliwa wa kijiji kimoja jirani na Kagongwa. Ni watani, na watani hawanuniani. Miaka sita walitukanana kila asubuhi wakanywa chai ya kikombe kimoja.

Lakini zile mita nne za kamba Nkwabi alizipeleka nyumbani. Alizikunja, akazitia ndani ya kiroba, akazisukuma chini ya kitanda. Mara mbili mkewe, Lusia, aliomba azifungie mbuzi. Mara mbili alimwambia aziache.

Mwezi wa sita mwaka huu, 2025, Masudi alitangaza kwamba anarudi kwao. Baba yake amepungukiwa na nguvu za macho na ameacha kazi. Kazi yenyewe ni kuvua papa bila chombo: maji yakipwa, mtu anatembea kwa miguu mpaka ukingo wa mkondo, anaacha ndoano yenye minofu ya taa, yule samaki bapa, anarudi na mshipi wake mpaka nchi kavu, anaufunga kwenye kigingi, anakaa. Maji yakijaa, papa anaingia kutafuta chakula. Kwa mtu ambaye hawezi kusimama ndani ya mtumbwi kwa sababu ya mguu, hiyo ndiyo kazi pekee ya bahari iliyobaki.

"Kwa hiyo unakwenda kukaa mchangani umeshika kamba," Nkwabi alisema.

"Kama wewe. Ila mimi mwisho wa kamba nakula."

Nkwabi hakucheka. Alikwisha kuona kitu ambacho Masudi hakukiona, au alikiona akakiacha. Mtu wake alikuwa anakwenda tena kuwa upande mmoja wa kamba, na safari hii yeye, Nkwabi, hatakuwepo kuishika. Hapo hapo aliamua kwamba vifaa vya uvuvi huo atavichagua mwenyewe, atavinunua mwenyewe kama zawadi ya kuagana, na kwamba havitakatika.

Alianza na alichokijua. Kwa Maganga, fundi anayefua moko, zile patasi za chuma wanazopasulia miamba, aliagiza ndoano mbili zenye ukubwa wa kiganja. Maganga alizifua kutoka chuma kile kile cha moko na kuzipoza vile vile, mpaka zikalia kama kengele ukizigonga. Kutoka kwa fundi pikipiki alichukua waya za klachi, nne, ndefu. Kamba ya nailoni iliyosokotwa, unene wa penseli, aliijaribu kwa desturi ya duara: aliitundika kwenye gogo la winchi, akaining'inizia viroba vitatu vya mawe, akaiacha kutwa nzima.

"Papa ana kilo ngapi?" aliuliza jioni, akivihesabu viroba.

"Inategemea anayesimulia," Masudi alisema. "Wa baba yangu, kila mwaka anaongezeka."

"Sema kweli, Mzaramo. Nataka mara tatu ya uzito."

"Mwingine kilo ishirini. Mwingine mia na zaidi. Huyo wa mia humchagui wewe, anakuchagua yeye."

Nkwabi aliongeza kiroba cha nne.

Jumatano ya tarehe 9 Julai walipanda basi la asubuhi kwenda Chato, kwa sababu Masudi alisema vifaa visivyoguswa na samaki ni mapambo, na samaki wa kuvigusa walikuwa ziwani. Papa hakuna Ziwa Victoria, hilo hata Nkwabi alilijua. Lakini sangara mkubwa akivuta, anavuta. Zaidi ya hapo, Chato kulikuwa na duka la Paskalia, anayejulikana zaidi kama Mama Eunice, hatua mia mbili kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, ambaye kwa miaka ishirini na mbili ameuza ndoano, nyuzi za nyavu na maboya kwa wavuvi wa upande ule wa ziwa.

"Mwangaluka, mama," Nkwabi alimsalimu.

"Mwangaluka."

"Shikamoo," Masudi alisema.

"Marahaba, baba. Wewe si wa huku."

"Ni wa pwani, mama. Huyu hapa ananipeleka kuvua, na hajawahi kuona maji yanayozidi lambo la ng'ombe."

"Lambo letu lilikuwa na maji matamu," Nkwabi alisema. "Ninyi mmepewa bahari nzima, hamuwezi hata kuinywa."

Paskalia aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba ni watani, akakaa. Nkwabi alifungua mfuko na kumwaga mezani alivyokuja navyo, kwa fahari isiyojificha. Mama Eunice aliichukua ndoano ya Maganga, akaipima mkononi, akaigonga kwenye mzani wake ikalia. Kisha aliipenyeza kwenye ufa wa kizingiti cha mlango, akachukua nyundo, akaipiga ubavuni mara moja. Ilivunjika vipande viwili kama gilasi.

Nkwabi aliokota vipande.

"Nani kakufulia?" Mama Eunice aliuliza.

"Fundi wa moko."

"Ni fundi mzuri. Lakini moko inapiga jiwe, na jiwe halina shingo. Samaki ana shingo. Anatikisa, anapinda, anarudi nyuma. Chuma hiki hakijui kurudi nyuma." Alifungua droo, akatoa ndoano ya kiwandani, kubwa, ya rangi ya kijivu, akaitia kwenye ufa ule ule na kuipiga. Ilifunguka kidogo, upana wa unyasi. Aliipiga upande wa pili, ikarudi. "Hii inakubali. Chukua tatu."

Nkwabi alichukua tatu. Ya pili ya Maganga aliirudisha mfukoni bila kuitazama.

Waya za klachi, kwa mshangao wake, zilipita. Masudi ndiye aliyezitetea. Alieleza kwamba meno ya papa yanakata nailoni kama mkasi, na ngozi yake ni msasa: akijiviringisha, kila kinachogusa ubavu wake kinasagika. Kwa hiyo waya lazima uwe mrefu kumshinda papa mwenyewe, kutoka mdomoni mpaka kupita mkia. Waliunganisha waya mbili, wakazibana kwa vibomba vya shaba alivyovitoa Paskalia. Nkwabi alivuta kwa mikono yake yote miwili, akavuta tena, akaridhika. Kati ya waya na ndoano waliweka kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, ili samaki akijisokota mshipi usijisokote naye. Nacho aliridhika nacho. Alikizungusha kwa kidole mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ndipo Masudi akaomba uzi wa nyavu.

"Wa nini?" Nkwabi aliuliza.

Masudi alikata uzi mwembamba wenye urefu wa mkono, wa aina wanayoshonea nyavu za dagaa, akaunganisha ncha moja na waya na ncha nyingine na ile kamba ya nailoni iliyobeba viroba vinne. Mafundo mawili madogo, safi. Sasa kila kilichokuwa na nguvu upande wa mtu na kila kilichokuwa na nguvu upande wa samaki vilishikana kwa uzi ambao mama wa nyumbani angeweza kuukata kwa meno.

"Toa hicho," Nkwabi alisema.

"Hakitoki. Baba yangu alikiita kipande cha papa. Mshipi wote ni wako, hicho ni chake. Akija mkubwa asiyekuwa saizi yako, anachukua chake anakwenda. Wewe unabaki na kamba yako na mikono yako."

"Kamba yenye mahali dhaifu siyo kamba."

"Nkwabi."

"Siyo kamba, Masudi. Uliza mguu wako."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita mguu ule kutajwa kati yao bila utani. Paskalia alijishughulisha na droo. Masudi alikunja mshipi taratibu, duara juu ya duara, na kusema kwamba adhuhuri imefika, anakwenda msikitini, akirudi watatafuta chambo.

Nkwabi alibaki peke yake kwenye baraza na ule mshipi. Alikaa nao dakika kadhaa. Kisha alinunua uzi mwingine, wa aina ile ile ili usijulikane, akausokota sambamba na ule wa kwanza, akafunga mafundo yake juu ya mafundo ya Masudi. Haukuwa na nguvu ya kamba, lakini ulikuwa mara mbili ya ulivyokuwa. Alipomaliza aliviringisha kila kitu kama alivyokikuta, akavuka barabara kununua mihogo ya kukaanga, kwa sababu moyo ulikuwa umetulia na njaa imerudi.

Saa tisa alasiri walikuwa kwenye miamba, mbele kidogo ya mwalo. Mwenyekiti wa kikundi cha ulinzi wa mwalo aliitazama ndoano yao moja, akamtazama Masudi na mguu wake, akawapa muda wa saa mbili. Masudi alimchoma ndoano mgongoni furu hai, kisamaki cha ziwani, akazungusha chubwi, kizito cha risasi cha kuzamisha mshipi, juu ya kichwa mara tatu, akaitupa mbali kwenye maji yenye kina. Alitupa vizuri. Hakuwa amesahau.

"Funga ncha kwenye lile jiwe," alisema bila kugeuka, akiketi na kunyoosha mguu.

Nkwabi aliliendea jiwe. Alipitisha kiganja kwenye ukingo wake na ukingo ukamkwaruza. Alipitisha upande wa pili, hivyo hivyo. Kila jiwe pale lilikuwa na makali. Mtu mwingine angefunga tu, kwa kuwa samaki si mtu na jioni ni fupi. Yeye alisimama na ncha ya kamba mkononi, akaona gogo la tarehe 14 Mei, na mikono yake ikafanya ilichofanya kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa. Ilizungusha kamba kiunoni, mara mbili, ikafunga fundo la duara, lile lisilofunguka kwa kuvutwa. Kisha akakaa juu ya jiwe lile lile lenye makali, shati likiwa limefunika kiuno.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

Walikula mihogo. Masudi alieleza jinsi Wasukuma walivyofika pwani mara ya kwanza na kuuliza nani anaimwagilia bahari. Nkwabi alieleza kwamba walitaka kumjua mwenyewe ili wampe pole, maana kule kwao hakuna mtu anayekaa kando ya maji mengi hivyo halafu halimi.

Samaki hakuanza kwa kugusa. Kamba iliyokuwa imelala kwenye miamba ilinyooka yote kwa mara moja, na Nkwabi aliinuliwa pale alipokaa. Aliegemea nyuma kama mtu anayepandisha kiroba kizito, visigino mbele, na kama jiwe lingekuwa kavu huenda angesimama. Lilikuwa limeota mwani wa kijani. Miguu iliteleza, akapiga matako, akaburutwa mita mbili na kuingia ziwani mpaka kifuani.

"Achia," Masudi alisema. Kisha akaona kiuno. "We mtu. Umejifunga?"

Fundo lilikuwa limezama nyamani. Kisu kilikuwa kwenye mfuko wa mihogo. Hakujua kuogelea, na chini ya miguu yake jiwe lilikuwa linakwisha. Mbele yake, hatua thelathini, maji yalipasuka, na mgongo mpana wa rangi ya fedha ukapita juu taratibu, bila haraka yoyote, ukageukia kwenye kina. Masudi alikuwa anakuja kwa makalio na mikono, mguu mbovu ukiwa mbele. Alimkamata kola. Kola ilianza kuchanika.

Kisha kulitokea sauti ndogo, kama mtu anayekata kifungo cha shati. Kamba ililegea. Nkwabi aliangukia kwa nyuma juu ya Masudi, na wote wawili wakalala kwenye maji ya kina cha goti, wakiangalia juu.

Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona nyavu kule mwaloni alisimama, akawaona wanapumua, akakaa tena.

"Ungekufa," Masudi alisema hatimaye, "ningelala juu ya jeneza lako pale Kagongwa, na nisingeondoka mpaka ndugu zako wanipe dume la ng'ombe, haki ya mtani."

"Wasingekupa."

"Wangenipa. Wangekuwa na kazi za shamba, na mimi sina haraka."

Nkwabi alianza kucheka, na cheko lilipoanza halikumtii. Alicheka mpaka akakohoa maji. Alipotulia alikaa, akavuta kamba iliyobaki kiunoni, mkono baada ya mkono, mpaka ncha ikafika. Alitarajia kuona nyuzi mbili zilizokatika. Ulikuwa mmoja.

Aliutazama kwa makini, kama anavyotazama kila kamba. Pembeni ya fundo la Masudi kulikuwa na vishina viwili vya uzi wa pili, vimekatwa kwa kisu, vimenyooka.

"Masudi," alisema. "Nilikizidisha. Ulipokwenda kuswali."

"Najua. Ulipokwenda kununua mihogo nilikikata."

"Ulijuaje?"

"Umekuwa mtu wangu wa kamba miaka yote. Mafundo yako siyajui?" Masudi alikamua shati. "Ningeviacha viwili, sasa hivi ningekuwa namtafuta mtu wa kumpigia Lusia simu."

Nkwabi alikaa na ncha ile mkononi. Ilikuwa imefungwa kiunoni mwake kamba iliyokatika, kama siku ile, na kwa mazoea aligeuza kichwa kumtafuta mtu aliyekuwa upande wa pili. Alikuwa amekaa jirani yake, anatema mchanga na kulalamika kwamba mihogo imelowa.

"Siku ile sikuliona lile gogo," alisema.

"Hata mimi nilikuwa nimelitazama, sikuliona," Masudi alisema. "Nilipita hapo kila asubuhi. Sasa nifungue hilo fundo, au utarudi nalo Katoro?"

Ilichukua robo saa kulifungua. Mwishowe Masudi alitumia ile ndoano ya pili ya Maganga kuliparua, na ikafanya kazi hiyo bila kuvunjika. Chini ya fundo ngozi ilikuwa nyekundu na imechubuka, upana wa vidole viwili, hakuna zaidi.

Walirudi kwa Mama Eunice wakichuruzika. Aliwapa kanga moja wajifute, akauliza samaki yuko wapi.

"Amechukua chake," Nkwabi alisema.

Alinunua ndoano mbili nyingine na kibomba cha shaba. Kisha akaomba uzi wa nyavu, ule mwembamba. Paskalia alitoa kidonge kimoja cha uzi. Nkwabi alikata urefu wa mkono, akaufunga kidoleni, akauvuta mpaka ukakatika, akatikisa kichwa kwa kukubali, akaomba vidonge vitatu. Mama Eunice alimtazama Masudi, na Masudi akatazama barabarani.

Wakisubiri basi, Nkwabi alimpigia mkewe.

"Lusia. Kile kiroba chini ya kitanda. Ile kamba ifungie mbuzi."

"Ipi, ile?"

"Ile ile. Ila ikague kwanza."

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Masudi atapanda basi la Dar es Salaam pale Katoro. Kwenye begi lake atakuwa na ndoano nne, waya mbili za klachi, kamba iliyobeba viroba vinne vya mawe na vidonge vitatu vya uzi mwembamba. Nkwabi atambebea begi mpaka mlangoni mwa basi. Jumatatu atarudi duara namba saba, ambako kuna watu wanne wa kushushwa.